Basoda wanafia kambini, na hakuna anayewahesabu



Mwezi wa Oktoba 2024 ulitimiza miaka kumi tangu inchi yetu ilipopata habari ya Kotakoli. Wengi kati yetu tulikuwa bado ku masomo, wengine hatukujua hata Kotakoli iko fasi gani. Tunaandika leo kwa sababu ile habari haijaisha, na kwa sababu serikali inafanya kila kitu ili ionekane kwamba haikuanza hata siku moja.

Tukumbushane. Kotakoli ni kambi ya zamani ya makomando, kule Nord-Ubangi, mu Équateur ya wakati ule, si mbali na mupaka wa Afrika ya Kati. Mobutu alifunzisha makomando wake kule. Kutoka Goma, hata ukipita angani, ni zaidi ya kilometa elfu moja. Mwezi wa tisa 2013 serikali ilipeleka kule mamia ya watu waliotoka porini huku kwetu mashariki: wapiganaji wa vikundi mbalimbali waliokubali kuweka bunduki chini, pamoja na wake zao na watoto wao. Walikuwa wanangojea waambiwe kama wanaingia jeshini ao wanarudi mu maisha ya raia. Walingojea mwaka muzima.

Mwaka moja baadaye Human Rights Watch walitoa hesabu ya wafu: wapiganaji wa zamani 42, wanawake 5, watoto 57. Jumla 104, na hiyo ni hesabu ya chini. Hakuna aliyewapiga risasi. Walikufa juu ya njaa na magonjwa, ndani ya kambi ya jeshi, mikononi mwa maofisa wanaolipwa na inchi hii.

Soma tena: watoto 57. Walikuwa wengi kuliko wapiganaji wenyewe. Mutoto hakuchukua bunduki, hakusaini kitu, hakuahidiwa cheo. Alibebwa mugongoni na mama yake kutoka Kivu, akapelekwa fasi ambapo hata luga ya wenyeji mama hakuijua vizuri, na pale bwaki ikamumaliza. Kama kuna mutu wa serikali anaweza kutuambia ile ilikuwa vita gani, aseme.

Tunajua mujibu unaokuja, tumeusikia mara nyingi: «Wale hawakuwa basoda, walikuwa waasi.» Sawa. Lakini siku serikali ilipowapandisha gari na ndege, ikawaondoa silaha, ikawafungia mu kambi yake, walikuwa watu wake. Mutu aliye na bunduki porini anaweza kuiba ndizi shambani. Mutu aliyetoa bunduki, akawekwa kambini katikati ya pori la Ubangi, hana kitu kingine isipokuwa neno ulilomupa. Na kuko jambo lingine. Kotakoli tunaijua juu watu wa haki za binadamu walifika kule, wakauliza, wakaandika. Kambi zingine hakuna aliyefika kuuliza. Njaa haiombi namba ya matrikule mbele ya kuua, na maji machafu hayachagui kati ya soda wa serikali na muasi wa jana.

Twende sasa kwa basoda wenyewe.

Ku radio, soda wa Kongo anakufa namna moja tu: «ku uwanja wa heshima», mbele ya adui, akilinda mipaka. Anapata bendera juu ya sanduku, hotuba, ao walau mustari moja mu tangazo la jeshi. Lakini uliza mama anayeuza sombe karibu na kambi yoyote, uliza muganga wa kituo cha afya cha jirani, uliza mapadri na wachungaji wanaoitwa kuzika. Watakuambia kwamba kilio mu kambi mara nyingi hakitoki ku vita. Kinatoka ku malaria iliyokosa dawa ya franka kidogo. Kinatoka ku kolera, ku tumbo, ku kifua kikuu kinachopita kitanda hadi kitanda mu nyumba ambamo watu wanalala kama mifuko ya makala. Kinatoka ku mama aliyezaa usiku kwenye turubai. Kinatoka ku surua ya watoto. Kinatoka pia ku bunduki, lakini bunduki ya mwenzake: soda ambaye hajakula siku mbili, ameweka pombe ya viroba mu tumbo tupu, na mikononi ameachiwa silaha.

Tuzungumze kidogo juu ya kolera, sababu ndipo uongo wa «mapenzi ya Mungu» unaonekana wazi. Kolera inaweza kumaliza mutu muzima, mwenye nguvu, kwa masaa tu. Inamutoa maji yote mwilini. Lakini ni ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ni maji safi yenye chumvi na sukari, na kwa yule aliyezidiwa, serumu mu mushipa. Pale matunzo yako, anakufa chini ya mutu moja kwa wagonjwa mia moja. Kwa hiyo mahali ambapo kolera inaua vijana wenye miaka 22, waliopimwa na kukubaliwa jeshini juu walikuwa na afya, usiulize muganga nini kiliwaua. Uliza kama kambi ilikuwa na bomba. Uliza vyoo ni vingapi na watu ni wangapi. Uliza feza za dawa zilipita mikononi mwa nani. Choo ni mulinzi wa jeshi kama vile bunduki ni mulinzi wa jeshi, lakini hakuna jenerali anayepigwa picha akifungua choo.

Na njaa? Hapa Kongo kila mutu anajua namna chakula cha soda kinasafiri. Mushahara, tangu malipo yalipoanza kupita mu banki, walau unamufikia mwenyewe, hata kama ni kidogo, hata kama banki iko mbali siku tatu za njia na kamanda anapaswa kumupa ruhusa. Ilikuwa hatua nzuri na tunaikubali: mutu anayeamuru vita hapaswi kuwa yeye anayehesabu feza za wale anaowaamuru. Lakini feza ya rasio, feza ya dawa, feza ya mafuta ya gari linaloleta mufuko wa unga, hizo zinaendelea kushuka ngazi kwa ngazi, kutoka Kinshasa hadi rejima, kutoka rejima hadi batayo, na ku kila ngazi kuko mukono. Ule mufuko ulitoka ukiwa na kilo 50. Soda anapata kikombe cha maharagi yenye kufukuzwa na wadudu. Pengine hapati hata kile.

Sasa angalia werevu wa hii biashara. Soda aliyekufa ku vita, mbele ya watu, ni vigumu kumuficha: wenzake waliona, wakaaji waliona, pengine adui amepiga picha. Lakini soda aliyekufa usiku kambini juu ya malaria anazikwa asubuhi nyuma ya kambi na watu sita. Kama jina lake halifutwi ku orodha, rasio yake inaendelea kuja. Yule mufu anaendelea kula, na tunajua anakulia mu sahani ya nani. Ndiyo maana kifo cha kambini hakiandikwi. Watu wanadhani ni uzembe wa makaratasi; sisi tunasema makaratasi yanakosa juu ukosefu wake unalipa. Mwezi wa sita 2021 raisi Tshisekedi mwenyewe, alipokuwa Bunia, alizungumza juu ya mafia ndani ya jeshi. Alisema kweli. Tulipiga mikono. Mafia haikuondoka juu ya mikono yetu.

Kuna vifo vingine vya kambi ambavyo havitoki ku njaa wala magonjwa, na hivyo tutavipitia mbio. Tarehe 24 Januari 2014, kule Mbuji-Mayi, radi ilipiga gala ya risasi na mabomu mu kambi ya jeshi. Zaidi ya watu 20 walikufa, makumi wakaumia. Radi ni ya mbinguni, hilo hatubishani. Lakini kuweka mabomu katikati ya muji, mu inchi ambayo radi inapiga kuliko karibu fasi zote za dunia, na kusahau chuma cha kuikinga, hilo ni la mutu mwenye ofisi na mushahara.

Tufike sasa ku jambo gumu zaidi, lile ambalo wandugu zetu wengi mu mitaa wanatutupia usoni: «Nyie vijana, munalilia basoda? Wale wanaotupora? Wale waliowapiga nyie wenyewe fimbo na kuwafunga?»

Ndiyo, hao hao. Tunajua ladha ya fimbo yao, hatuna haja ya kukumbushwa. Tumewekwa mu magari yao, tumevuliwa viatu mu jela zao. Na tutaendelea kuwashitaki kila watakapougusa mwili wa raia. Lakini tunawaomba mufuate nasi hii njia hadi mwisho. Mama anatoka shambani na mufuko wa mihogo, anafika ku bariere. Kamba imefungwa ku miti mbili. Soda anamuomba 500, ao anachukua mihogo mitatu. Mama analia, anasema jeshi letu ni la wezi. Lakini ule soda aliwekwa pale na nani? Kuko batayo ambazo kamba ile ndiyo jiko lao. Kamanda anaijua, na jioni ripoti ya bariere inamufikia mbele ya ripoti ya adui. Kwa maneno mengine, feza ya rasio iliyoibiwa mu ofisi inalipwa tena na ule mama, kwa mihogo. Analipa mara mbili: mara ya kwanza mu kodi, mara ya pili ku kamba. Anayekula mara mbili hayuko ku bariere, hajawahi kusimama pale, na mvua haimupigi.

Kwa hiyo tunapodai chakula na dawa kwa soda, hatumufanyii soda zawadi. Tunamudai mwizi mukubwa. Jeshi lenye njaa ni mzigo wa kijiji kinacholizunguka, na vijiji vya Lubero, vya Masisi, vya Djugu, vya Fizi havina nguvu tena ya kubeba.

Na hebu tuangalie haki inakwenda mbio kwa nani. Mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo, kilichokuwa kimesimama tangu 2003. Ilisema ni juu ya wasaliti. Mwezi wa tano, korti ya kijeshi huko Goma ikahukumu kifo wanajeshi 8 juu ya woga na kukimbia adui. Mwanzoni mwa mwezi wa saba, mu teritware ya Lubero, ikahukumu 25 kwa siku moja. Siku moja! Asubuhi mutu ni mushitakiwa, jioni ni mutu wa kufa.

Sisi tunapinga hukumu ya kifo kwa mutu yeyote, na tulisema hivyo. Lakini hata kama ungekuwa unaikubali, ujiulize swali hili. Korti inayoweza kuhukumu watu 25 kwa siku moja juu walikimbia, ilikosa siku gani, ndani ya miaka kumi, ya kuita wale waliokuwa na kazi ya kulisha Kotakoli? Ndege zilikuwa chini ya nani? Nani alisaini kwamba watu waende kule? Nani alipokea ripoti za wafu wa kwanza, wa kumi, wa hamsini, na akaiweka chini ya ripoti nyingine? Ilikuwa mwaka muzima, si usiku moja wa vita ambapo mutu anaweza kupoteza akili. Sisi hatujasikia kesi hata moja juu ya wale watoto 57. Aliyekimbia risasi anaitwa muoga. Yule aliyekimbia jukumu lake hadi watu 104 wakafa, anaitwa Ekselensi.

Haya yote yangekuwa historia tu kama hatungekuwa tunaendelea kujaza zile kambi. Tarehe 3 Novemba 2022 raisi alihutubia taifa, akaita vijana waingie jeshini juu ya vita ya M23. Tuliona wenyewe namna vijana walitoka: Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Kisangani. Walikuja na kaptula na viatu vya mpira, wengine walitoroka wazazi. Waliimba. Hata kama ulikuwa na mashaka juu ya vita, moyo ulikuwa unanyanyuka kuwaona. Walipelekwa mu vituo vya mafunzo, mbali, kule ambako simu inakamatwa siku ya kwanza.

Sasa wazazi wanakuja kutuuliza. Si mara moja, si muzazi moja. «Mutoto wangu alienda, sijasikia sauti yake tena. Nimwendee nani?» Ku ofisi ya jeshi wanaambiwa wangoje. Wakirudi, wanaambiwa ni siri ya ulinzi. Pengine ule kijana yuko muzima kabisa, yuko anachunga daraja fulani na hana simu; tunaomba Mungu iwe hivyo kwa wote. Lakini kama alikufa mu wiki ya tatu ya mafunzo, juu ya kuhara, mbele hata ya kupewa bunduki, je, kuko daftari mahali fulani lenye jina lake? Kuko mutu aliyepewa kazi ya kumupigia mama yake? Mutu akikwambia jina la mufu wa malaria ni siri ya ulinzi, ujue kuna mutu anayelindwa, na si Kongo.

Na wale walio porini bado, wanaangalia. Serikali iliunda mupango wa P-DDRCS mwezi wa saba 2021 ili wapiganaji watoe silaha. Inatumia feza ku semina, inachapa matangazo, inatuma wajumbe vijijini. Halafu inashangaa wapiganaji hawaji, ao wanakuja wiki mbili wanarudi. Hakuna cha kushangaza. Waliotoka porini 2019 na mwanzoni mwa 2020 waliwekwa Mubambiro, karibu na Sake, hapa hapa mulangoni mwa Goma, wala si Ubangi. Waliteswa na njaa na baridi na magonjwa, na wengi wakarudi porini. Habari ya Kotakoli waliijua, maana porini habari inatembea kuliko ku mitandao. Mupiganaji anajiuliza: nikibaki huku, pengine risasi itanikuta, nikienda kambini kwao, mutoto wangu atakufa kwanza. Kila kaburi lililochimbwa Kotakoli liliwapa makundi ya silaha wanajeshi wapya, bila kutumia franka ya kuwaandika. Mutu anayetaka amani ya Kivu na hataki kusikia neno «choo» na neno «maharagi» anatuchezea.

Watasema tunachafua jeshi wakati inchi iko vitani. Wengine watasema zaidi: tunafanya kazi ya adui. Tumezoea. Tangu état de siège ya tarehe 6 Mei 2021, kusema mu Kivu ya Kaskazini na Ituri kumekuwa ni kosa karibu kila siku. Lakini adui hana haja ya tangazo letu ili ajue basoda wetu wana njaa. Anawaona. Anapookota gunia waliloacha mu mutaro, anaona ndani mulikuwa nini. Wanaofichwa hizi habari ni sisi: walipa kodi, wazazi, wabunge wanaopiga kura ya feza ya jeshi na hawaulizi zilifika mu sufuria gani. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria ya mupango wa jeshi hadi 2025, mabilioni ya dola. Tumeona ndege zisizo na rubani, tumeona magari mapya ku gwaride. Vizuri. Tunaomba kuona pia muganga wa batayo.

Na hatuombi kitu kipya, wala kitu cha Wazungu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema mutu ni mutakatifu, na serikali ina kazi ya kumuheshimu na kumulinda. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na ya kupata chakula. Hakuna pale palipoandikwa «isipokuwa aliyevaa uniforme». Sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya wanajeshi nayo ipo. Mjane wa soda anapaswa kuilaliya hiyo sheria kama muto, lakini mara nyingi haijui hata kama iko, na kamanda hana faida ya kumuambia. Anachokijua yeye ni kwamba bwana akifa, anaanza kuulizwa lini atatoka mu nyumba ya kambi. Aliyekufiwa ku vita anaweza kupata mutu wa kumutetea. Yule ambaye bwana yake «aligonjwa tu» anaambiwa bwana hakufa kazini. Kama hakufa kazini, alikuwa kule kambini anatafuta nini?

Kwa hiyo, Mheshimiwa Raisi, wewe ndiwe kamanda mukubwa wa jeshi. Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi. Wakubwa wa Etat-major: tunawadai mambo haya, na tunayataja kwa wazi ili siku nyingine mutu asiseme hakuelewa.

Kwanza orodha. Kila kambi, kila kituo cha mafunzo, kila kituo cha P-DDRCS itoe kila mwezi hesabu ya wafu wake na sababu ya kila kifo, iliyosainiwa na muganga, si na kamanda. Hatuombi wapi batayo zimewekwa wala silaha ni ngapi. Hesabu ya wafu wa malaria haimusaidii Rwanda kitu. Familia iambiwe ndani ya siku chache, kwa simu ao kwa chefu wa mutaa, na ionyeshwe kaburi.

Halafu rasio na dawa zitoke mu mikono ya wanaoamuru vita, namna ilivyofanywa ku mushahara. Anayenunua unga asiwe yule anayehesabu midomo. Wabunge wa kamisyo ya ulinzi waingie kambini bila kutangaza safari, wafungue sufuria, wakunywe maji ambayo basoda wanakunywa. Tunasema wakunywe kweli.

Watoto na wanawake wasipelekwe tena mu kambi ambayo haina maji, muganga, na chakula cha miezi mitatu kikiwa tayari ndani ya gala. Hilo halihitaji sheria. Linahitaji ofisa moja wa kukataa kusaini.

Mjane wa aliyekufa juu ya ugonjwa kambini ahesabiwe sawa na mjane wa aliyekufa ku vita, na asifukuzwe mu nyumba mbele ya kupata haki yake.

Na Kotakoli ifunguliwe. Makaratasi yako: nani alituma, nani alijulishwa, nani aliachia. Oditora ya jeshi ilionyesha mwaka 2024 kwamba ikitaka, inaweza kufanya mbio. Makaburi yale 104 yapewe majina, na wazazi walioko Kivu walipiwe njia ya kwenda kuyaona.

Tunazipa ofisi hizi siku 60. Hatutangoja tukiwa tumekaa. Kuanzia leo, wanaharakati wetu mu kila muji watapokea familia zenye mutu aliyekufa mu kambi bila vita, ao aliyeingia jeshini na hajasikika tena. Muje na vile muko navyo: mwaka alioingia, kambi aliyotajwa, picha, namba ya matrikule kama iko, jina la rafiki aliyeleta habari. Anayeogopa, jina lake litabaki kwetu. Hakuna atakayeombwa hata franka moja, na mutu akiwaomba feza kwa jina letu mutujulishe siku ile ile. Daftari la kwanza limekwisha kununuliwa.